Karanga za Mama na Gari la Macho

Nyumba ya Bi Sitara,
Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo,
Dar es Salaam.
2 Juni, 1976

Kwa dada yangu mpenzi Somoe,

Assalaam alaykum, na shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umeketi, si umesimama na jembe begani, maana ni ndefu na ina mambo ya kukaa kitako. Mimi huku ni mzima, alhamdulillahi, ila kikohozi cha masika kiliningang'ania wiki mbili kikaniachia juzi. Wasiwasi wangu ni juu yenu. Shemeji hajambo? Mgongo wake uliomsumbua wakati ule wa kuhamia kijiji kipya umepoa? Wapwa zangu wanaendaje na shule, na yule mdogo ameacha kula udongo? Na Mama, macho yake yakoje? Siulizi ya Aprili uliyoniandikia, nauliza ya leo.

Kabla ya yote nakuomba jambo moja. Najua kila barua yangu ikifika unamwita Mama, mnakaa ukumbini, unamsomea kwa sauti. Hii usimwite kwanza. Isome peke yako hadi mwisho. Utaona mwenyewe kwa nini.

Barua yako ya tarehe 3 Aprili niliipata ikiwa imelowa pembe moja, lakini ilisomeka yote. Nilipoona mwandiko nilidhani umeandikiwa na mwalimu. Kumbe ni mkono wako! Mwaka juzi ulikuwa unaweka dole gumba, leo unanisahihisha mimi niliyemaliza darasa la saba kwamba nimesahau nukta. Hongera, dada, kisomo kimekukubali. Nilicheka peke yangu barazani mpaka Bi Sitara, mama mwenye nyumba wangu, akaniuliza kama nimeandikiwa na mchumba.

Kicheko kilinikauka nilipofika ukurasa wa pili. Umeniambia kwamba Mama naye alijiandikisha kisomo, kwamba anakaa mbele kabisa, karibu auvae ubao, na bado haoni mwalimu alichoandika. Umeniambia jicho la kushoto sasa linatambua mchana na usiku tu, basi. Umeniambia jinsi unavyomshika kidole na kumchorea herufi mchangani, na kwamba ameshazijua karibu zote kwa kidole kabla hajaziona kwa macho. Na habari ya uji wa moto uliomwagikia mkono pia nimeisoma. Tena swali lake ni lile lile, gari linakuja lini. Sikuwa na la kujibu, ndiyo maana nimekaa kimya miezi miwili. Niwie radhi. Nilitaka nikuandikie nikiwa na jibu mkononi, na sasa ninalo, ila nakujua wewe, usirukie ukurasa wa mwisho. Twende taratibu.

Unakumbuka Gari la Macho lilipofika Likongolo Oktoba ile ya mwaka 1974, watoto wakapiga kelele kwamba nyumba imeota magurudumu. Nami nilijitia majivuno kidogo, dereva mzima, nikapiga honi mara tatu bila sababu. Lile gari kweli ni nyumba. Nyuma kuna kitanda cha daktari, kabati za dawa, sinki, meza ya kupasulia inayokunjwa, na taa kubwa ya betri anayoitegemea daktari anapofanya kazi. Ulikuwepo daktari alipomkagua Mama. Alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, ila bado hajakomaa, na kwamba tukirudi baada ya masika yajayo atamtoa, kisha Mama atapewa miwani na ataona. Mama alifurahi mpaka akapika kuku aliyekuwa anamfuga kwa ajili ya Idi. Akatupakilia na gunia zima la karanga, akaniambia mbele yako kwamba nikifika nigawane na watu ninaoishi nao, maana amesikia mjini kuna njaa.

Sasa nikueleze hali ya gari letu, maana sijawahi kukueleza vizuri. Kila mwaka kuanzia mwezi wa pili hadi wa tano halina kazi. Rufiji inafurika, barabara ya kusini inafungwa, na sisi tunalilaza gari kwenye ua wa ofisi, hapa hapa Kariakoo, nyuma ya maduka ya nafaka. Kulaza gari miezi minne nyuma ya maduka ya nafaka ni kuwaalika panya kwa kadi. Wenyewe wana njia zao tangu soko la zamani, na lilipojengwa hili jipya walihama kwa muda tu, kisha wakarudi na jamaa zao.

Mwaka jana tulipolifungua mwezi Juni tayari kwa safari ya kwenu, harufu ilitutoa nje. Godoro la sufi lilikuwa limefumuliwa, sufi imetapakaa kila mahali. Panya walikuwa wamezaa ndani ya droo ya bandeji. Maboksi ya miwani yalikuwa matandiko. Nyaya za ile taa zilitafunwa, na nyaya za injini zilitafunwa. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Wahenga hao hawakuliona gari letu! Vipuri mjini havikuwepo, vikaagizwa nje, vikafika Januari mwaka huu, mvua za kwenu zikiwa zimeshaanza. Ndivyo mwaka mzima ulivyopita bila sisi kuja. Nilikuandikia kwamba gari limeharibika, na hilo lilikuwa kweli.

Vipuri vilipofungwa, Bwana Zahoro, ambaye ndiye msimamizi wa magari yote ya ofisi, alituita madereva uani. Huyu ni mtu wa Gerezani, mfupi, mkali kama siki, na hapendi maneno mengi. Alituambia panya haingii garini kupimwa macho, anafuata harufu ya chakula, na kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akauliza nani atalilinda gari masika haya, kazi ambayo kwa kawaida dereva anaikimbia, kwa sababu miezi hiyo ndiyo ya kwenda likizo. Nilinyoosha mkono. Alinitazama, akanirushia funguo.

Nilikuwa na sababu yangu. Siku chache kabla nilimfuata daktari nyumbani kwake Upanga, nikamweleza habari za Mama. Hakunificha. Alisema mtoto wa jicho akiachwa akakomaa kupita kiasi huweza kupasukia ndani, na hapo jicho huoza, hakuna kisu kitakachosaidia. La kushoto alikuwa na shaka nalo. La kulia alisema bado lina nafasi, lakini alinionya nisihesabu masika mawili mengine. Nilitoka pale nikatembea kwa miguu, nikapita viwanja vya Mnazi Mmoja, watu wanacheza mpira na kupiga soga, nami siwaoni. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba panya wakiingia tena, Mama amekuwa kipofu.

Basi nikaanza vita. Kwanza nililivua gari kila kitu. Godoro, mashuka, bandeji, miwani, hata sabuni na mishumaa, maana panya hula sabuni kama wewe ulavyo halua. Godoro nililining'iniza kwenye dari la stoo kwa waya, na kila waya nikaupitisha katika kifuniko cha kopo, ili panya akishuka kwa waya akute sahani inayoyumba na ajiangukie zake. Kabati na droo niliziacha wazi, kwa sababu panya hapendi kuzaa mahali palipo wazi.

Halafu nikatafuta matundu. Saa sita mchana, jua la utosi, nilijifungia ndani, nikaziba madirisha kwa mablanketi, nikakaa gizani jasho likinitiririka. Dada, niliona nyota mchana, na safari hii si msemo. Mwanga ulikuwa unapenya kila upande, chini ya sinki, penye bomba la maji, kwenye kona ya mlango, karibu na makanyagio ya breki na klachi. Tundu linaloingia kidole chako cha mwisho panya mdogo anapita bila kuhema. Nilizungushia kila moja chaki.

Hapo nikafanya ujinga. Nilichukua makumbi ya nazi, nikayashindilia kwenye matundu yote, nikajiona fundi. Kesho yake nusu ya makumbi yalikuwa yameondoka. Nilimwita Shomari, fundi bati wa Gerezani ambaye hushona madebe na koroboi, aje anipe ushauri. Alicheka mpaka akakaa chini. Alisema nimewapelekea panya sufi ya bure wakatandike kwao. Akaniambia dawa ni bati tu, kipande kwa kipande, kisha lami juu yake. Ila bati hana, mji mzima hauna. Nikimletea makopo matupu atayakata.

Nawe unajua kopo tupu lilivyo na thamani siku hizi. Kopo la maziwa ni koroboi, kopo la mafuta ni kata ya maji, kopo la rangi ni chungu cha maua. Hakuna anayelitupa. Nilikuwa sijui pa kuanzia, ndipo Rajabu, yule jirani yenu, akafika kwa meli kutoka Lindi, begani kabeba gunia jingine la karanga kutoka kwa Mama. Mama ambaye haoni, dada. Rajabu alinieleza kwamba alizichambua mwenyewe kwa kupapasa, akitupa mbovu kwa kuzinusa.

Safari hii nililifungua gunia uani, mbele ya vyumba vyote sita, nikasema mama yangu amewaletea. Watu walitoka na mabakuli. Bi Sitara alikaanga sufuria nzima, nyingine akazifanyia kashata, na siku ile hata wale wawili wa chumba cha mbele walionuniana tangu Ramadhani walikaa mkeka mmoja. Jioni nilipotaja shida yangu ya makopo hakuna aliyenikatalia. Mmoja alimwaga chumvi kwenye karatasi anipe kopo lake. Bi Sitara alinipa kata yake ya kuogea. Kisha akaniuliza, kwa wema tu, mbona mwaka jana mama hakuleta, siku zile za njaa tulipokuwa tunapanga foleni ya unga wa njano tangu alfajiri. Nilimjibu kwamba karanga hazikustawi. Lilinitoka haraka, nami nikainama kukusanya makopo.

Shomari alikata makopo yote, akaziba kila penye chaki. Tukaliinua gari juu ya vyuma vinne, na kila mguu wa chuma tukaukalisha ndani ya karai la oili chafu, kama vile mnavyofanya na miguu ya kabati la chakula kuzuia sisimizi. Mwisho nikatandaza jivu la mkaa sakafuni, jembamba, sawasawa. Kila asubuhi kabla ya kazi nyingine nilifungua mlango nikalisoma jivu, kama wewe unavyosoma ubao. Bi Sitara naye aliniazima paka wake. Paka huyo anaitwa Balozi, kwa sababu hapitishi siku bila kutembelea nyumba zote kumi. Nilimpa cheo cha mlinzi, naye akachagua kiti cha dereva, akalala. Alilala Machi, akalala Aprili. Akiamka ni kwa ajili ya kichwa cha dagaa.

Asubuhi ya tarehe 20 Aprili nilikuta nyayo. Zilikuwa ndogo, zimekwenda mstari mmoja hadi kwenye nyaya mpya za taa, zikazunguka, zikarudi. Nikakaa mlangoni. Sikuona panya, nilimwona Mama akipapasa ukuta. Nilipojikaza nikaanza kutafuta, nikagundua kwamba majirani wa nyuma ya ua, wakitafuta pa kuanikia nguo za mtoto mvua ilipopumua, walifunga kamba kutoka ukutani kwao hadi kwenye kioo cha gari langu. Makarai manne ya oili, na panya kapita juu kwa kamba kama mpiga sarakasi! Kutoka kwenye kioo alishukia injini, akapita penye kanyagio la klachi ambapo lami ilikuwa imepasuka. Niliikata kamba, nikaomba radhi kwa mwenye nguo, Shomari akaja na kipande cha kopo la chumvi. Nikatega mtego kwa kipande cha samaki mkavu, ng'onda, na baada ya siku mbili mgeni wangu alikuwa humo. Balozi alikuja akamtazama, akapiga mwayo. Nyaya hazikuguswa.

Tangu siku hiyo jivu lilibaki safi. Juzi Jumatatu, tarehe 31 Mei, tulifungua rasmi. Alikuja daktari, akaja Bwana Zahoro na madereva wote. Bwana Zahoro aliinama akachungulia kila droo, akapitisha kidole chini ya sinki, akanusa. Hakupata hata kinyesi kimoja. Tulifunga betri, daktari akabonyeza swichi, na ile taa ikawaka, nyeupe, mpaka tukafumba macho. Dada, nililia. Sikulia kwa kificho, nililia wazi wazi na mikono yangu ya oili.

Kwa hiyo jibu la Mama ni hili. Tunaondoka Jumatatu tarehe 14 mwezi huu. Tutapita Utete, Kilwa, Lindi na Nachingwea, na kwenu tutafika wiki ya kwanza ya Julai. Jina la Mama ni la kwanza kwenye orodha ya Likongolo, nimeliona kwa macho yangu. Daktari hakuapa, maana mambo ya macho ni ya Mungu, ila amesema kwa jicho la kulia ana matumaini makubwa, na la kushoto atalijaribu. Hii sehemu mweleze Mama leo hii, usingoje.

Inayofuata ndiyo sehemu yako peke yako.

Taa ilipowaka, Bwana Zahoro, ambaye sijawahi kumsikia akimsifu mtu, alinishika bega akawaambia wenzangu kwamba kama kila dereva angekuwa kama Shaibu, mwaka jana usingepotea. Walinipigia makofi. Yale makofi yalinichoma kuliko tusi. Niliomba wanyamaze, nikasema pale pale mbele ya wote, na sasa nakwambia wewe.

Panya wa mwaka jana niliwaleta mimi. Lile gunia la kwanza la Mama sikulifikisha nyumbani. Tulirudi mjini wakati wa njaa kweli kweli, watu wa nyumba yangu wanalala na chai ya rangi. Niliwaza, nikiliingiza hili uani litaisha kwa siku mbili. Nikalificha kwenye sanduku la chini ya kitanda cha daktari, garini. Nilikuwa napita jioni, najaza mfuko wa suruali, natafuna njiani, nafika nyumbani nimejipangusa mdomo, nakaa nao mkekani nikilalamika njaa kama wao. Bi Sitara, mwanamke mtu mzima, alinigawia nusu ya kipande chake cha muhogo, nami nina karanga tumboni. Nilikipokea. Nilikila.

Masika yalipoingia gari likafungwa ghafla na funguo zikachukuliwa. Gunia lilikuwa bado nusu. Ningeweza kumwambia Bwana Zahoro afungue. Niliona aibu, nikasema moyoni karanga hazina miguu. Karanga hazina, panya wanayo. Mama aliniambia nigawane na watu, mimi nikawanyima watu, panya wakagawana. Na walipomaliza karanga wakala taa ambayo ingemfungua macho aliyezilima. Mwaka mzima nimekuandikia habari za vipuri. Jicho la kushoto la Mama, dada, kama halitarudi, ujue limekwenda na mfuko wangu wa suruali.

Bwana Zahoro aliniandikia barua ya onyo, ninayo hapa mezani, ina muhuri. Nilimuuliza kama atamtafuta dereva mwingine wa safari ya kusini. Alijibu kwamba onyo ni la mwaka jana, safari ni ya mwaka huu, na kwamba niende nikaangalie upepo wa matairi. Nyumbani nako nilimwambia Bi Sitara kuhusu muhogo wake. Siku mbili hakuitikia shikamoo yangu. Leo asubuhi ameitikia, akaniagiza kwamba nikirudi kutoka kwenu nije na karanga, ila safari hii atagawa yeye. Nimempa neno langu. Zitakuja juu ya paa, ndani ya debe lenye kifuniko. Na za kwangu mimi Mama akinikaangia nitazila hapo hapo mlangoni kwenu, nikimaliza nitakung'uta nguo kabla sijapanda garini.

Sasa nisikilize, dada. Ungeweza kumsomea Mama haya leo, na haki ni yake. Lakini nakusihi usimsomee. Simfichi tena, nimechoka kuficha. Nataka niwe mbele yake atakapoyajua, nisiwe mbali nimejificha nyuma ya bahasha. Tena nataka ayasome mwenyewe. Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya pili, nimeandika kwa herufi kubwa, kwa maneno mafupi kama ya kitabu cha kisomo, wino nimeukoleza mara mbili. Itie kwenye sanduku lako la nguo. Siku daktari atakapomfungua bandeji na kumvalisha miwani, mpe hiyo iwe ndiyo somo lake la kwanza. Endapo Mungu atakuwa amepanga jingine na asione, basi utamsomea wewe, nami nitakuwa nimekaa miguuni pake. Vyovyote iwavyo, hatalikosa.

Nisalimie shemeji sana, mwambie mafuta ya kuchua mgongo ninayo, nitamletea. Wabusu wapwa zangu, uwaambie nyumba yenye magurudumu inarudi na honi nitapiga mara tatu, na safari hii kwa sababu. Nisalimie na watu wa nyumbani kwa Rajabu na wote wanaoniulizia. Bi Sitara anakusalimu, na Balozi angekusalimu kama angekuwa macho. Nikumbukeni katika dua zenu, njia iwe kavu hadi kwenu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Shaibu

(Karatasi ya pili)

MAMA,

KARANGA ZAKO ZILIKUWA TAMU.
ULISEMA NIGAWE. SIKUGAWA.
NILIZIFICHA NDANI YA GARI.
PANYA WALIZIFUATA. WALIKULA NA TAA.
NDIYO MAANA MWAKA JANA HATUKUJA.
KOSA NI LANGU. SI LA GARI.
NISAMEHE, MAMA.

UKIMALIZA KUSOMA, INUA MACHO.
NIPO HAPA MBELE YAKO.

SHAIBU